Betri Haikulala Garini

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili: nilipanga jinsi ya kufunga foni kwenye gari la wagonjwa, nikachora kila waya na kila skrubu, na sikumwuliza dereva betri ya gari lake inalala wapi.

Ninalisema mwanzoni kabisa kwa sababu najijua. Nikiachwa nizunguke, nitaeleza kwanza barabara ilivyokuwa mbaya, redio zilivyokuwa kuukuu, vita ilivyokuwa vita. Hayo yote ni kweli. Lakini betri ilikuwa swali la kuuliza kwa mdomo tu, nami sikuliuliza.

Foni, kwa asiyeijua Goma ya miaka ile, ni redio ya kusikilizia na kusemea. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu. Mfanyabiashara aliyetaka kujua kama maharage yake yametoka Butembo alikwenda kwenye nyumba ya foni, akaketi kwenye benchi, zamu yake ikafika, akapiga kelele mbele ya kipaza sauti, na benchi zima likajua habari za maharage yake, za mke wake na za jino la mtoto wake. Mimi nilijifunzia kazi katika nyumba kama hiyo. Hakuna aliyenifundisha. Mwenye nyumba alinipa redio mbovu alizokwisha kuzikatia tamaa. Niliunguza ya kwanza, nikaunguza ya pili, ya tatu ikasema.

Mtu aliyejifunza peke yake ana hofu ambayo hajui aitue wapi. Aliyesoma shuleni anajua angalau ni somo gani alishindwa. Mimi sikujua nisichokijua kiko upande gani, kwa hiyo nilikaza kila kitu mara mbili. Niliosha mikono kabla ya kugusa waya. Nilichora upya mchoro uliokuwa umechorwa vizuri, kwa sababu mstari mmoja ulikuwa umepinda.

Yaya yangu, ndivyo tunavyomwita aliyetutangulia kuzaliwa, alikuwa muuguzi katika kituo kidogo cha afya. Wazazi wetu walikuwa wamebaki Butembo, na barabara ya kwenda huko ilifungwa na kufunguliwa kama mlango wa jirani mgomvi. Goma tulikuwa wawili tu, katika chumba kimoja. Kila asubuhi yeye na dereva walipanda gari la kituo, wakashika barabara ya Rutshuru mpaka Kibumba, ambako watu waliokimbia vijiji vyao walikuwa wamejaa katika vibanda vya maturubai ya shitingi, wakachukua wagonjwa mahututi na kuwateremsha mjini. Gari likipanda, chakula kilinishinda. Likirudi, nilikula.

Kituo kilipopata redio mbili za zamani, moja ya ofisini na moja ya garini, waliniomba nipange namna ya kuzifunga na niwe mtu wa foni pale ofisini. Watu waliniambia ni kazi nzuri kwa ajili ya wagonjwa. Niliitikia. Ukweli ni kwamba sikuwafikiria wagonjwa hata kidogo. Nilitaka kitu cha kumrudisha yaya nyumbani siku barabara ikiharibika.

Nikaanza kupanga. Nilikata boksi la sabuni likawa saizi ya ile redio, nikaingia nalo garini, nikalijaribu kila mahali. Chini ya dashibodi lingegonga magoti ya yaya. Nyuma ya kiti lingemwagikiwa na maji na damu ya machela. Mwishowe nililiweka katikati, kwenye nundu kati ya viti viwili. Antena niliipangia bampa ya mbele. Ilikuwa ndefu kuliko mtu, kwa hiyo nikaichorea na kamba ya kuikunja kwenye vizuizi, maana askari wakiona antena imesimama huanza kuuliza unaongea na nani. Kisha nikafika kwenye umeme, na hapo ndipo nilipojivunia zaidi.

Foni ikisikiliza hutumia umeme kidogo sana. Ikisema, inanyonya. Waya wake ukigusa betri vibaya, foni itasikia vizuri kabisa, lakini mtu akibonyeza kitufe ili aseme, inazimika. Hilo nilikuwa nimelijua kwa kuunguza na kulia. Kwa hiyo niliamua nyaya zitoke moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, zifungwe kwa nati pamoja na vishikio vya gari lenyewe, zikazwe mpaka mwisho. Barabara zetu ni mawe meusi ya volkeno. Zinafungua skrubu kuliko fundi. Nilitaka nyaya ambazo barabara isingeziweza.

Nilimwonyesha dereva mchoro. Alikuwa muzee wa milima ya Masisi, aliyechunga ng'ombe mpaka vita ikamaliza ng'ombe, ndipo akajifunza gari. Alikuwa anakula maharage kwenye ngazi ya kituo.

"Peti," aliniambia, yaani mdogo wangu, "hii gari ya kwenye karatasi ni nzuri sana. Haina hata tope. Nipatie hiyo, ile ingine ubaki nayo."

"Muzee, usicheke. Angalia kama goti lako litagonga hapa."

"Goti yangu imegonga vitu vingi, haitaogopa kisanduku." Akaegemea mchoro. Nikamweleza jinsi foni inavyokunywa kidogo ikisikiliza, na inavyokunywa sana ikisema.

"Kumbe hii kitu ni ng'ombe," akasema. "Ikinyamaza inakula majani, ikilia inataka kisima." Kidole chake cheusi kwa mafuta kikasimama juu ya betri. "Na hizi nyuzi za hapa, zitakazwa?"

"Sana. Hazitatikisika."

"Na jioni?"

"Jioni inazimwa, muzee. Kuna kitufe."

Alinitazama kwa muda, kijiko mkononi. Kisha akacheka kwa pua. "Bon, enjenieri. Kuna kitufe." Akarudi kwenye maharage yake.

Mara nyingi nimerudia mazungumzo hayo kichwani. Aliuliza. Kwa namna ambayo mtu mwenye kitu cha kuficha anaweza kuuliza, aliuliza. Mimi niliona doa la mafuta lililobaki kwenye karatasi yangu, nikakasirika kimoyomoyo, nikaenda kuchora upya.

Kufunga kwenyewe kulikwenda vizuri kuliko nilivyothubutu kuomba. Gari lilipanda, nikakaa ofisini, nikabonyeza kitufe na kuita. Sauti ya yaya ikatoka ndani ya kile kisanduku, nyembamba, yenye upepo: "Tunakusikia. Acha kupiga kelele, si tuko ng'ambo ya bahari." Nikaketi.

Baada ya hapo sikuweza kuacha. Niliwaita wakivuka kizuizi, wakipanda kilima, wakifika, wakipakia. Mnanisikia? Rudieni. Mnanisikia? Sikuwa na habari yoyote ya kuwapa. Nilitaka tu kusikia kwamba nyaya bado zinagusa, na kwamba wao bado wapo. Jioni yaya alinitania huku akimenya viazi.

"Leo nimeogopa hata kukohoa. Nimejua utasema nirudie."

"Ni utaratibu, yaya."

"Muzee anasema unatuita kama mama anaita watoto kula, na sufuria haina kitu."

Nilicheka, lakini iliniuma, na kesho yake nikawaita vilevile.

Baada ya muda, nilipofungua boneti kukagua, nilikuta nati zangu zimelegea na vichwa vya nyaya vimejikunja. Sikushangaa. Nikasema, ndiyo mawe hayo. Nikaongeza nati ya pili juu ya kila nati, nikazungushia utepe mweusi tabaka juu ya tabaka mpaka vichwa vya betri vikafanana na vidole vilivyofungwa bendeji. Dereva alisimama kando akinitazama.

"Hapo sasa," nikamwambia. "Hata barabara ya kuzimu haitafungua."

"Naona," akasema. Hakutania siku hiyo. Ningepaswa kulishangaa hilo.

Siku chache baadaye sauti kutoka garini ikaanza kukatika. Yaya aliniambia, foni yako inakula maneno. Nilijua ni umeme. Mtu mwingine angechukua spana akaenda kuangalia jioni ileile. Mimi sikutaka kugusa kitu kabla sijapata mpango mpya uliokamilika. Nikaketi na rula, nikachora njia nyingine ya nyaya, nikaifuta, nikachora tena. Gari likaendelea kupanda Kibumba.

Asubuhi niliyoiogopa tangu mwanzo ilikuja na jua zuri. Gari lilikuwa limeondoka bila haraka. Muda si mrefu akaingia ofisini mama mmoja muuza kabichi, aliyeshuka na lori kutoka huko juu, viatu mkononi, akihema.

"Gari yenu imeenda wapi? Muiite irudi! Kule juu banapiga masasi ya bunduki, watu bote banashuka. Sisi tumepita kwa njia ya mashamba."

Nilibonyeza kitufe na kuita. Kimya. Nikaita tena. Mnanisikia? Nijibuni. Kimya.

Hapa lazima nieleze sheria ya foni, si kwa kujitetea, bali ili ieleweke nilifanya nini. Foni husikika na kila mwenye foni. Wenye silaha nao walikuwa nazo. Kwa hiyo tulifundishana hivi: usitaje habari ya barabara hewani kabla hujajibiwa na kujua unaongea na nani. Ita kwanza, ujibiwe, ndipo useme. Ni sheria yenye akili. Mimi niliipenda kuliko wote, kwa sababu ilikuwa imenyooka.

Basi niliita na kuomba jibu, nikaita na kuomba jibu. Mama wa kabichi alikuwa amesimama nyuma yangu. "Si uwaambie tu?" alisema. "Waambie barudi!"

"Hawajajibu, mama."

"Kama hawajibu, masikio yao imekatwa?"

Nikabonyeza tena. Kisha nikasikia kitu kidogo: "Tu..." Nusu ya neno, kisha kimya. Baada ya muda tena: "Tuna..." Nilifahamu mara moja. Walikuwa wananisikia. Kila walipobonyeza ili wajibu, foni ilizimika mikononi mwao. Nilijua hata ni waya gani.

Na bado, nikijua hivyo, nikasema: "Mnakatika. Kazeni waya kwenye betri, halafu mnijibu."

Sijui kwa nini sikusema "Rudini." Nimejaribu kupata maelezo mazuri zaidi ya haya na sina. Nadhani nilishaanza jambo kwa utaratibu na nilitaka limalizike kwa utaratibu. Nilipokuja kusema "Rudini, rudini, rudini," nikipiga ukelele, hapakuwa na hata nusu ya neno.

Siku ile gari halikurudi. Sikuondoka mezani. Watu wa Kibumba walianza kuingia mjini na magodoro kichwani, na kila aliyepita mlangoni nilimwuliza habari za gari jeupe lenye antena.

Yaya alifika kesho yake mchana, kwa miguu, katikati ya msururu wa watu. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimepotea na nywele zilikuwa na majani. Nilimshika mikono nikashindwa kuiachia. Alikunywa maji, akaketi kwenye ngazi ileile ya dereva, na kunieleza bila hasira, jambo lililokuwa zito zaidi kwangu.

"Mara ya kwanza ulipoita, muzee alisema, ule mutoto anajaribu tena. Akapunguza sauti. Tukaendelea."

"Halafu?"

"Halafu ukawa huachi. Muzee akasema, leo hii sauti si ya kujaribu. Akajaribu kukujibu, ikazimika. Akajaribu tena. Ndipo ukasema tukaze waya. Akasimamisha gari, akafungua boneti. Mimi nilishuka nikasimama upande wa shamba la viazi. Wakatokea upande wa pili, na bunduki. Yeye alikuwa ameinama ndani, hakuwaona. Mimi nilikimbia." Akatoa jani kwenye nywele. "Niligeuka mara moja. Walikuwa wanamsukuma aketi kwenye usukani. Wamemchukua na gari."

Nilichukua kikombe chake, nikakijaza maji tena.

"Ulituuliza kama tunakusikia," yaya akasema. "Tulikuwa tunakusikia vizuri sana. Ungetuambia tu."

Gari halikuonekana tena, wala dereva. Tuliulizia Rutshuru, tuliulizia Kiwanja kwa wenye pikipiki wanaojua kila njia. Kila mtu alikuwa amesikia jambo na hakuna aliyekuwa ameona. Kwa muda mrefu niliendelea kukaa kwenye foni baada ya kazi, nikisikiliza, nikisubiri nusu ya neno.

Nyumbani kwa dereva nilichelewa kwenda kwa woga. Yaya ndiye aliyenipeleka. Ilikuwa nyumba ya mbao karibu na kambi ya askari ya Katindo, na ndani walilala mkewe, watoto, na jamaa zao waliokimbia kutoka Masisi, wengi mpaka miguu yao ilifika mlangoni. Mkewe alitupa viti. Juu ya meza palining'inia balbu ndogo, na nyaya zake mbili zilishuka ukutani mpaka kwenye kona, zikaishia hapo chini, hewani. Kwenye udongo wa kona ile palikuwa na alama ya mraba.

Nilitazama ile alama, na kabla mama hajafungua kinywa nilikwisha kuelewa.

"Alikuwa anakuja nayo kila jioni," mama akasema, akiona ninapotazama. "Ndani ya gunia, kama mutu anabeba mutoto. Kambi iko pale, na maaskari banaiba. Gari ikilala na batri, asubuhi inaamuka bila batri, na kazi imeisha. Tena ilikuwa inatupatia mwangaza. Watoto banasoma, bageni banakula banaonana uso." Akanigeukia. "Na weye njo ulikuwa unakaza?"

"Ni mimi, mama."

"Alikuwa anarudi na vidole vimetoka ngozi. Anasema, ule mutoto anakaza kama vile dunia haitafunguliwa tena." Alitabasamu kidogo, tabasamu likaisha. "Siku ile uliweka utepe mwingi, alishindwa kabisa. Alichukua kisu yangu ya kukatia majani ya sombe, akakata nyuzi. Toka siku hiyo, asubuhi alikuwa anazifunga na mukono tu."

"Kwa nini hakuniambia?"

Mama alifikiri. "Kituo kilikataza batri kutoka. Alisema, nikimwambia ule mutoto ataandikia bakubwa. Alisema hauna roho mbaya. Uko na woga, na mutu wa woga anakimbia kuandika."

Ningependa kusema alinikosea. Hakunikosea. Najua ningeandika. Ningeona kwanza ubaya wa mchoro wangu kuchafuliwa, kisha ningeona kosa la dereva, na ningekwenda kwa wakubwa nikiwa na uso wa mtu anayelinda mali ya wagonjwa. Angefukuzwa. Nyumba ile ingekaa gizani mapema zaidi, lakini yeye angekuwa ndani yake.

Sikumwambia mama habari ya sheria ya foni wala ya "kazeni waya". Yaya alimwambia. Alimwambia pale pale, mimi nikiwa nimeketi, kwa sauti ya chini, bila kuongeza na bila kupunguza. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimama, akazikunja zile nyaya mbili za ukutani, akazifunga fundo, akaziweka juu ya msumari mahali watoto wasipofika. Hakunifukuza. Hakunikaribisha tena.

Yaya sasa anafanya kazi wodini mjini na hapandi barabara ya Rutshuru. Mimi bado nafunga foni kwenye magari. Ndiyo kazi ninayoijua. Siku hizi sichori chochote kabla ya kukaa na dereva mpaka jioni na kuona betri inakwenda wapi, na sipeleki habari zake kwa mtu. Nyaya nazifunga kwa vishikio vinavyofunguka kwa mkono na kukaza kwa mkono. Nikikaa mezani, siiti magari bila sababu. Na barabara ikiharibika, nasema habari kwanza, mara mbili, asikie atakayesikia, ndipo naomba jibu.